Mkonga wa zamani ukisumbua, anza na kitu kilichoguswa mwisho

Naongelea Land Cruiser HZJ75, ile ya springi za majani mbele na nyuma na injini ya 1HZ, ambayo huku Arusha ukisema tu "mkonga" kila mtu anajua ni gari gani. Yangu ni ya 1996, niliichukua mnadani ikiwa imeshachoka na kazi za porini mpaka rangi imebaki upande mmoja, na tangu siku hiyo naitengeneza mwenyewe nyumbani chini ya mparachichi, kanga mbili za mke wangu zimeshageuka matambara ya oili na kesi hiyo bado haijafungwa. Mengi ninayosema yanafaa pia kwa HZJ78 na 79 zilizoanza 1999 zikiwa na springi za koili mbele, palipo na tofauti nitasema.

Sasa kabla ya dalili yoyote, kitu kimoja ambacho kimenigharimu hela nyingi sana kukijifunza. 1HZ ni injini ya 1990, silinda sita, cc 4164, haina turbo wala kompyuta ya kuiamulia chochote, ikipata dizeli safi, hewa na oili inaenda tu. Kwahiyo ikianza visa usikimbilie kusema injini imekufa, jiulize kwanza mara ya mwisho imeguswa wapi na nani. Kwangu mimi magonjwa mengi niliyohangaika nayo aliyaleta fundi aliyepita au niliyaleta mwenyewe kwa kutaka gari ionekane ndefu.

Alafu usalama kwa ufupi: jeki ni ya kuinulia tu, sio ya kulalia chini yake. Weka stendi za chuma chini ya ekseli, tofali la saruji linapasuka bila kukupa taarifa.

Asubuhi inazungusha sana ndio iwake

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela, na mimi niliwa. Gari ikishapata moto inawaka kwa kugusa tu, lakini ikilala usiku, asubuhi stata inazunguka weee, inatoa moshi mweupe, inashika silinda tatu, inazima. Nikaambiwa betri, nikanunua mbili. Nikaambiwa hita plagi, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwaka, nikabadilisha zote sita. Nikaambiwa pampu ya dizeli ifanyiwe ovahoo, na bei niliyotajiwa nikarudi nyumbani kimya kimya nikakaa nikafikiri.

Kuna jaribio la bure la kutenganisha mambo haya. Asubuhi kabla hujagusa ufunguo fungua boneti, bonyeza kile kipampu cha mkono kilicho juu ya filta ya dizeli mara ishirini hivi mpaka kiwe kigumu, alafu ndio uwashe kama kawaida. Ikiwaka mara moja basi shida yako ni hewa, dizeli inarudi kwenye tanki usiku na nafasi yake inaingia hewa. Kesho yake usibonyeze chochote, ila washa taa ya hita mara mbili au tatu mfululizo kabla ya kupiga stata, ikiwaka vizuri kwa njia hiyo basi shida ipo kwenye hita. Yaani siku mbili tu, bila kununua hata nati.

Kama ni hewa, inaingilia wapi? Nilienda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua mpira laini unaoonekana ndani, robo mita, nikaufunga badala ya ule mweusi unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, nikawasha nikachuchumaa nikaangalia. Vipovu vilikuwa vinapita kama soda. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaufunga ule mpira kabla ya filta, hapo dizeli inapita safi kabisa haina povu hata moja. Maana yake hewa inaingilia kwenye kichwa cha filta, na kweli, kile kipampu cha mkono kina ngozi ya mpira ndani na ilikuwa imepasuka ufa mdogo ambao huuoni mpaka uukunje na vidole. Dizeli haivuji nje kwa sababu pale pampu inavuta haisukumi, kwahiyo ukitafuta unyevu hutauona milele. Nilibadilisha kichwa kizima cha filta na betri zangu mbili mpya zikabaki kuwa ushahidi wa ujinga wangu.

Kama vipovu vinaonekana hata kabla ya filta basi rudi nyuma zaidi, mipira ya dizeli pale inapokutana na bomba la chuma kwenye chesisi, klipu zilizolegea, na kwa waliofunga tanki la pili angalia ile swichi ya kubadilisha tanki, inapenda sana kunyonya hewa. Na vimipira vidogo vya kurudishia dizeli juu ya nozeli (zile zinazopuliza dizeli kwenye silinda) vikikauka vinafanya hivyo hivyo, ni vya bei ndogo, badilisha vyote kwa pamoja.

Kama jibu ni hita, toa ile pleti inayoziunganisha zote ndio upime moja moja na malitimita, usipoitoa utakuwa unapima zote sita kwa pamoja na utadhani nzima. Isiyosoma kitu kabisa imekufa. Kabla hujanunua pima kama umeme unafika kwenye pleti wakati taa imewaka, maana rilei nayo inakufa, na hakikisha gari yako ni ya volti 12 au 24 kabla ya kulipia hita, zipo za aina zote mbili na ya volti 12 ukiifunga kwenye 24 inaungua siku hiyo hiyo.

Inazungusha vizuri lakini haitoi moshi wowote hata kidogo? Hapo dizeli haifiki kwenye silinda. Gusa waya wa solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu, mtu awashe na kuzima ufunguo, usikie "tak". Kama hakuna sauti pima umeme kwenye huo waya. Mara nyingi ni fyuzi au waya uliokatwa na mtu aliyefunga alamu ya wizi.

Haina nguvu, mlima mdogo tu unarudi gia ya pili

Angalia moshi, moshi ndio unaongea.

Hakuna moshi na hakuna nguvu, dizeli haitoshi. Anza ndani ya gari, mwambie mtoto akanyage mafuta mpaka chini wewe uangalie kwenye pampu kama ule mkono unafika mwisho na kugusa skrubu yake. Nimeona gari imebadilishwa filta, imesafishwa tanki, imepelekwa nozeli kwa fundi, kumbe kapeti jipya nene chini ya pedali linaizuia isifike chini. Baada ya hapo filta ya dizeli, alafu chujio lililo ndani ya tanki. La ndani ya tanki lina dalili yake, gari inaenda vizuri dakika ishirini au thelathini, inaanza kulegea, ukisimama dakika kumi inarudi kuwa nzima, kwa sababu uchafu unavutwa unaziba na ukizima unajiachia. Kama unanunua dizeli ya vidumu barabarani tegemea hili.

Moshi mweusi, hewa ni kidogo au dizeli ni nyingi. Filta ya hewa kwanza, na usiipulize kwa kompresa kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka alafu ukadhani umeokoa hela. Kisha nozeli, zikichoka zinatema matone badala ya ukungu, zipelekwe zikapimwe, kwenye 1HZ inatakiwa zifunguke kwenye baa 150 hivi na zote ziwe karibu sawa. Na uliza kama kuna mtu aliikaza ile skrubu ya dizeli nyuma ya pampu ili gari "iwe na nguvu", ni mchezo wa kawaida sana, nguvu inapanda kidogo, moshi unapanda sana na joto la injini linapanda zaidi.

Moshi wa bluu ni oili inaungua. Hapa nataka uangalie kitu kimoja kabla hujaanza kuongelea ringi za pistoni. Fungua mpira mkubwa wa hewa kati ya boksi la filta na injini, ingiza kitambaa cheupe, futa ndani. Kikitoka na vumbi jekundu basi injini imekuwa ikila vumbi na ndio maana imechoka. Watu wanahangaika kupaka silikoni kwenye mkonga wenyewe, lile bomba la hewa la nje, sawa, hiyo ni ya maji, lakini vumbi linaloua linaingia baada ya filta, pale klipu zinapolegea kwa sababu ya barabara za makorongo na matuta madogo madogo yanayotikisa kila kitu. Mimi nazikaza kila ninapobadilisha oili.

Na kama umetoka kubadilisha mkanda wa taiming siku za karibuni na gari imerudi dhaifu, inatoa moshi mweupe au inagonga kwa sauti kali kuliko zamani, usitafute mbali, kuna jino limerukwa. Mkanda huo unazungusha kamshafti na pampu ya dizeli vyote, kwahiyo ukikosea unakosea sehemu mbili. Ile taa ya T-BELT inawaka kwenye kilomita 100,000 lakini kwenye gari ya mnada usiiamini, mtu anaweza kuwa ameirudisha bila kubadilisha kitu. Ukikatika valvu zinakutana na pistoni. Umeinunua na hujui historia yake? Badilisha mkanda wiki hiyo hiyo, pamoja na beringi yake, alafu uandike kilomita kwa kalamu ya rangi kwenye kava.

Turbo naomba nisiongee sana. 1HZ haikutengenezwa nayo, ukiifungia bila kupima joto la moshi silinda hedi inapasuka kwenye vile vyumba vidogo vya kuwashia dizeli, na mwenye kukuuzia turbo hatakuwepo siku hiyo.

Inachemsha

Iulize inachemsha lini. Kwenye foleni na milima ya taratibu ni feni. Kwenye lami ukiwa 90 au 100 ni rejeta au maji hayatembei. Popote pale hata ukiwa umeiwasha nyumbani tu, anza kuogopa gasketi.

Feni ya hizi gari ina klachi ya silikoni katikati. Injini ikiwa ya moto kabisa zima, alafu izungushe kwa mkono, inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka kama feni ya dari basi silikoni imeisha, klachi inaweza kufunguliwa na kujazwa mafuta yake ya silikoni sio lazima ununue mpya, kazi ya saa moja mezani ila usipindishe ile springi ya mbele.

Kwenye rejeta, kabla ya kuitoa kupeleka kwa mchomeleaji, toa kwanza grili uangalie kati ya rejeta na kondensa ya AC. Kwangu kulikuwa na mbegu za majani zimejazana kama mto wa kulalia, hewa ilikuwa haipiti kabisa, niliosha kwa maji ya bomba kutoka ndani kwenda nje na mshale ukashuka. Alafu jiangalie mwenyewe umefunga nini mbele, maana bampa ya chuma, winchi na taa nne kubwa zote zinakaa mbele ya rejeta, na gari ilikuwa haichemshi kabla hujaziweka.

Sasa themostati. Kuna fundi aliitoa ya kwangu akaniambia "huku kwetu joto, haina kazi". Hii imani imeenea sana na inaharibu. Themostati ya aina hii ina kisahani cha chini ambacho ikifunguka kinaziba njia ya mkato, ili maji yote yaende kwenye rejeta. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi mda wote, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, kwahiyo asubuhi injini haipati joto na mchana mlimani inazidi joto. Ya kwangu ilichemsha zaidi baada ya kutolewa kuliko kabla. Kama unaishuku iweke kwenye sufuria ya maji (sufuria ya zamani, nimeshasema habari za kanga) na uchemshe uone kama inafunguka.

Gasketi unaipima hivi: injini ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa, angalia maji. Vipovu vinavyotoka bila kuisha hata baada ya dakika kadhaa, au mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kama jiwe wakati maji bado ya baridi, hapo moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ukiona hivyo acha kuiendesha. Hedi ikitolewa ipelekwe ikapimwe nyufa katikati ya valvu, usifunge gasketi mpya kwenye hedi usiyoipima, na usijaze maji matupu, weka kulanti.

Usukani unatetemeka kama umeshikwa na degedege

Hii nimeiishi. Niliinua gari inchi mbili na nusu, nikafunga tairi za 285/75R16, nikajiona mfalme. Safari ya kwanza kwenda Moshi, ukikanyaga kiraka kidogo ukiwa 70 usukani unaanza kucheza kushoto kulia kwa nguvu ambazo mkono hauwezi kuzizuia, gari nzima inatikisika, dawa ni kusimama kabisa. Duka la vipuri wakaniuzia shokapu kubwa ya usukani. Ikatulia wiki tatu, ikarudi na hasira. Hiyo shokapu haitibu, inaficha tu, na ndio maana nasema iwe kitu cha mwisho kununua.

Fanya hivi. Inua mbele, weka stendi chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, vuta na sukuma. Kama inacheza usiamue bado, kwa sababu inaweza kuwa beringi za habu (kitovu ambacho tairi linazungukia) au beringi za kingpini (egemeo ambalo tairi linakatia kona) na mkononi zinafanana kabisa. Mwite mtu akanyage breki akaze, alafu rudia kutikisa. Mchezo ukipotea ni beringi za habu, kwa sababu breki imeshaishika habu. Mchezo ukibaki vilevile ni kingpini. Hilo jaribio la breki ningelijua mapema ningeokoa mwezi mzima.

Alafu shika tairi kushoto na kulia, mtu mwingine alale chini ashike tairodi endi, vile viungo vya mwisho wa fimbo za usukani, kwa vidole moja moja huku wewe unatikisa. Usimwambie aangalie, mwambie ashike, vidole vinasikia mchezo ambao macho hayaoni.

Kwangu zilikuwa kingpini. Zinakaa na shimu, vile vibati vyembamba juu na chini, na kadri beringi zinavyoisha mkazo unapotea. Kutoa shimu kunaongeza mkazo. Unapima kwa mizani ile ya kuning'iniza samaki, ukiwa umetoa tairodi, unavuta ule mkono wa usukani na kusoma kilo ambazo zinaanza kuugeuza, kipimo kipo kwenye kitabu cha ufundi cha gari. Ila kama beringi zina alama za kung'atwa usicheze na shimu, badilisha.

Sehemu ya pili ya kosa langu ilikuwa kuinua. Niliweka pleti ndefu za kuning'inizia springi, na hizo zinaizungusha ekseli kidogo, ule mlalo wa kingpini unaofanya usukani urudi katikati wenyewe unapungua. Dalili yake ni kwamba ukikata kona na kuachia usukani haurudi, na kwenye lami gari inatangatanga inabidi uirekebishe mda wote. Kuna kabari za chuma zinawekwa kati ya springi na ekseli kurudisha mlalo, lakini pima kwanza kwenye mashine, ukiiweka kinyume unazidisha, na hata ukiweka sawa ukizidisha nyuzi propela ya mbele (ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli) inaanza kulia. Kwenye 78 na 79 za koili hizo kabari hazihusiki, huko ni bushi zenye tundu la pembeni, na ongeza kuangalia bushi za ile fimbo ndefu inayoshika ekseli isiende pembeni, ikiisha inatetemesha usukani hivyo hivyo.

Mwisho nilirudisha pleti za kawaida nikanunua springi zilizopindwa vizuri. Na tairi nikarudi 265/75R16 ambazo kipenyo chake ni kama cha 7.50R16 za asili. Zile 285 zilikuwa zinadanganya hata spidi, mshale ukisoma 80 wewe uko 83.

Tufe la mbele linavuja

Lile tufe la chuma nyuma ya tairi la mbele, likiwa na utando mwembamba wa grisi ni kawaida, usilisumbue. Tatizo ni ikitoka laini kama uji, nyeusi, inatiririka mpaka kwenye rimu. Watu wanabadilisha sili kubwa ya nje, wiki mbili imerudi. Chanzo ni sili ndogo ya ndani, kwenye mdomo wa ekseli, imeachia oili ya difu, lile boga la gia kwenye ekseli, ikaingia ndani ya tufe ikayeyusha grisi. Pima oili ya difu ya mbele, utakuta imepungua.

Na kwanini sili imeachia? Kabla hujafungua panda juu ya ekseli uangalie kipumulio cha difu, kale kakofia kadogo. Kakiziba na tope, difu ikipata joto hewa ya ndani inakosa pa kutokea inasukuma sili. Ukivuka mto difu ya moto inapoa ghafla inavuta maji, baada ya hapo oili inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Modifikesheni bora kuliko zote nilizofanya kwenye hii gari ni mpira wa mita mbili kutoka kwenye kile kipumulio mpaka juu ndani ya boneti, na mwingine nyuma, haionekani kwenye picha lakini tangu hapo sijabadilisha sili.

Ukiwa umefungua huko ndani na sivi jointi, kile kiungo kinachozungusha tairi la mbele hata likiwa limekata kona, ilikuwa inalia "kata kata kata" ukikata kona ukiwa umefunga habu, hamisha ya kushoto iende kulia na ya kulia iende kushoto. Zimeisha upande mmoja tu wa njia za golori, ukibadilishana zinatumia upande ambao bado mzima. Haiponi milele ila inakupa mda wa kutafuta hela.

Breki dhaifu baada ya kuinua

Ukiinua gari nyuma kuna valvu kwenye chesisi yenye mkono unaoshuka mpaka kwenye ekseli, kazi yake ni kujua mzigo. Nyuma ikishuka inaruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Wewe umeinua, yenyewe inajua gari haina kitu, kwahiyo hata ukipakia mbuzi kumi breki za nyuma zinalala na mbele zinaumia peke yake. Shusha kishikio cha ile valvu kwa kiasi ulichoinua, kuna vibano vinauzwa au mchomeleaji anakutengenezea. Kama breki inavuta upande mmoja, toa dramu ya nyuma ya upande mwingine uone kama viatu vimelowa oili ya difu, na hapo soma tena habari ya kipumulio.

Giaboksi inapungua oili lakini chini pakavu

Nilitafuta mvujo huu na tochi nikalala chini Jumapili nzima. Hakuna tone. Kisha nikafungua boliti ya kujazia ya transfa, lile boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, oili ikamwagika mpaka kwenye kiwiko. Sili ya kati ya giaboksi na transfa imekufa, oili inahama chumba tu. Hatari yake ni kwamba giaboksi inakauka wakati wewe unaona chini pakavu unajisifia. Kwahiyo pima vyote viwili siku moja, mmoja umepungua na mwingine umezidi ndio jibu.

Mlio wa "kong" ukiachia klachi ni krosi za propela, shika propela na uizungushe kwa mkono kwenda na kurudi, utaisikia. Kama krosi ni nzima kaza yuboliti za springi, hasa kama ulizifungua ukiinua gari na hukuzirudia baada ya kilomita mia tano.

Umeme

Taa zinafifia ukipiga hita, stata nzito, mishale inacheza. Weka malitimita waya mmoja kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti basi waya wa athi umeoza, haijalishi unaonekana mzima kwa nje. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, rudisha. Betri ya 12 ikiwa imepumzika isome karibu 12.6, injini ikiwaka 13.8 mpaka 14.4. Na zile taa za ziada, friji na redio kila kimoja kiwe na fyuzi yake karibu na betri, nimeshaona waya wa taa umeunganishwa kwenye waya wa hita plagi, na mwenye gari analalamika asubuhi haiwaki.

Ya kwangu kwa sasa inawaka kwa kugusa, haichemshi, usukani umetulia. Ile sili ya kati ya giaboksi na transfa bado sijaifunga, iko kwenye droo ya jikoni tangu Pasaka, nanyonya oili kwa bomba la sindano kutoka transfa narudisha giaboksi kila Jumamosi ya pili, kwa sababu kuishusha ile transfa peke yangu siiwezi na jirani niliyemtegemea kaniambia mgongo unamuuma.